Mnunuzi Akiridhika, Muuzaji Amesalimika?



Wiki chache zilizopita, baada ya darasa la Maghribi, kijana mmoja katika wanafunzi wangu alibaki nyuma wenziwe walipoondoka. Nilimwona anakunja mkeka ambao ulikuwa umekwisha kunjwa, nikajua ana neno. Kijana huyu yuko chuo kikuu, na wakati wa likizo hufanya kazi katika duka la simu hapa Mombasa ili apate nauli na pesa za vitabu, na amsaidie mamake. Akaniambia: "Mwalimu, dukani kwetu tunazo simu mpya, na tunazo nyingine zilizotumika ng'ambo, zikafunguliwa, zikasafishwa, zikatiwa betri nyingine na kufungwa katika maboksi mazuri. Alikuja mtu akashika moja ya hizi za pili akidhani ni mpya. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Akalipa bei ya mpya, akaondoka anacheka. Sikusema uwongo hata neno moja. Jee, nina kosa?"

Nilimwambia aje Jumatano nimjibu. Si kwamba nilikosa la kumwambia, bali swali lenyewe lilinigusa pahali ambapo sikutaka kuguswa. Kwani zaidi ya miaka hamsini iliyopita nami nilisimama pale pale anaposimama yeye, katika likizo kama yake, na tofauti ni kuwa mkononi mwangu hamkuwa na simu, mlikuwa na udi. Basi nawe, ndugu msomaji, nitakueleza kama nilivyomweleza yeye, wala sitajificha.

Mwezi wa Agosti 1974 shule zilifungwa, na chuo chetu cha Qur'ani kikafungwa siku hizo hizo. Ulikuwa mwezi wa Rajabu, mwaka 1394, ukielekea Shaabani, na wewe mtu wa pwani wajua miezi hiyo ikoje: kila nyumba yenye mwari yataka kuoza kabla Ramadhani haijaingia. Marehemu babangu alinichukua kwa mwenye duka mmoja wa Mji wa Kale, rafikiye wa msikitini, akamwambia: "Huyu akikaa bure atapotea. Mtie kazini." Nilikuwa na umri wa miaka 16.

Duka lenyewe lilikuwa dogo. Watu wanne wakiingia, wa tano husubiri barazani. Liliuza kitu kimoja tu, nacho ni harufu nzuri. Palikuwa na ubani wa Dhufari na wa Somalia, sandali ya kusagia liwa, mafuta ya halwaridi, miski, ambari kidogo iliyofungwa katika karatasi kama dhahabu, marashi ya chupa, na juu ya vyote udi.

Wengi wetu twafukizwa udi tangu siku ya kuzaliwa wala hatujui ni kitu gani. Udi hutokana na mti wa huko Assam, katika India, na Kambodia, na visiwa vya Indonesia. Mti huo ukiwa mzima hauna harufu ya kutajika. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hutoa utomvu kama wa kujitibu, na utomvu ule ukikaa miaka mingi katika moyo wa mti, sehemu ile huwa nyeusi na nzito, hata kipande kizuri sana ukikitia majini huzama. Ajabu ya Mwenyezi Mungu ni kuwa watu huacha mti mzima wakatafuta mahali palipougua. Siku hizi miti hiyo imepungua sana, hata mataifa yakaiwekea sharti, aina moja mashuhuri tangu mwaka 1995 na jamaa zake zote tangu 2005, kuwa isipitishwe kutoka nchi hii kwenda hii illa kwa kibali.

Na kwa kuwa kizuri chake ni ghali, ghushi yake ni nyingi. Wapo wanaopaka rangi mti mtupu. Wapo wanaoutia mafuta ung'are. Na wapo wanaopenyeza madini ya risasi ndani ya kipande ili kiongeze uzito. Ami (ndivyo nilivyomwita mwenye duka) alinifundisha mambo haya katika wiki ya kwanza: kukata kichembe, kukiweka juu ya kaa la moto, kutazama utomvu unavyotokota, na kungoja. Udi mbaya hunukia mara moja ukaisha, ukabaki moshi wa kuni. Mzuri huanza polepole, nawe ukitoka chumbani ukarudi wakuta ungalipo.

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupangusa vitanga vya mizani kwa kitambaa, kwani vumbi na mafuta huweza kushika upande mmoja. Tulipima kwa tola, na tola ni gramu 11 na ushei, basi hapo kichembe ni pesa. Ami hakunisomea Suratul-Mutaffifin wala hakunipa waadhi wa wapunguzao vipimo. Alikuwa akija, akitazama kile kitambaa kama kimechafuka, kisha akikaa. Na siku ya Ijumaa kabla ya adhana walipita wachukuzi na mafundi wasiokuwa na uwezo wa kununua hata nusu tola, wakanyoosha mikono, naye akawapaka mafuta nyuma ya kiganja mmoja mmoja. Siku moja nikamwuliza hasara hiyo nani hulipa. Akanikumbusha ile hadithi ya Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), ambayo ndani yake Mtume wetu (S.A.W.) amemfananisha rafiki mwema na mwenye miski, kuwa ama atakupa, ama utanunua kwake, ama kwa uchache utapata harufu nzuri kwake, na rafiki mbaya akamfananisha na mvukuto wa mhunzi. Ami akasema kuwa yeye hana la zaidi la kumfanya awe katika hadithi ile, illa duka hili.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Udi wetu wa kuuzika sana ulikuwa katika makopo mawili ya bati, mmoja shilingi 15 kwa tola, na wa pili shilingi 30. Siku moja Ami alikwenda msikitini kusali Adhuhuri, akaniacha mimi dukani nisali baada yake. Akaja mama mmoja, buibui lake limepauka kwa jua, amevuka feri kutoka upande wa Likoni. Anaoza binti yake. Akanieleza, kama mama zetu wanavyomweleza hata mtoto wasiyemjua, kuwa watu wa upande wa mume wana nafasi kidogo kuliko wao, nao watakuja nyumbani, naye hataki aibu. Amesikia kuwa kwetu upo udi wa thalathini.

Nikamfungulia makopo yote mawili. Akanusa hili, akanusa lile, akarudi kwa lile la kwanza, la shilingi 15, akafumba macho. Kisha akasema: "Basi huu wa thalathini nipimie tola nne."

Sikumwambia kuwa ndio. Sikumwambia kuwa sio. Nilitia mawe kwenye mizani.

Akafungua pindo la leso yake akahesabu shilingi 120, na baadhi yake zilikuwa sarafu. Akaniombea dua ndefu, Mungu anikuze, anipe mke mwema, nami nikaitikia amin. Hilo la kuitikia amin ndilo linalonirudia hata leo kuliko zile pesa.

Baada ya Alasiri Ami alihesabu mauzo, akapima makopo, akaona pesa zimezidi shilingi 60. Nikamweleza kwa furaha. Ujira wangu wa mwezi mzima ulikuwa shilingi 80, nami kwa saa moja nimemletea 60! Nikatazamia kusifiwa. Akaniuliza: "Alijua?" Nikamjibu: "Ameridhika, Ami. Amenusa mwenyewe, amechagua mwenyewe." Akaniuliza tena, na sauti haikupanda wala haikushuka: "Alijua?"

Asubuhi yake alinipa zile shilingi 60 zimefungwa katika karatasi, na nauli, akaniambia nimtafute yule mama. Akitaka audishe udi, apewe pesa zake zote. Akitaka abaki nao, basi azichukue hizi sitini. Na nisipompata nisirudi dukani, nirudi kwetu. Nami sikujua la mama yule illa kwamba kwao ni Mtongwe na anaoza siku ya Ijumaa. Nikavuka feri, nikatembea, nikauliza msikitini, nikauliza kwenye vibanda, nikapelekwa nyumba mbili zenye arusi zisizokuwa zake. Karibu na Adhuhuri ndipo nilipompata, nyumba imejaa wanawake wanaochagua mchele.

Nikamwita barazani nikamweleza. Nilidhani atafurahi. Nani asiyefurahi kurudishiwa sitini aliyokuwa hajui kuwa imempotea? Yeye alizitazama zile pesa asizichukue. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mwanangu, udi ule jana nimewafukizia wakwe zangu. Wameusifu. Nimewaambia kuwa ni wa thalathini." Akanyamaza kidogo. "Sasa wewe waniambia nini?"

Sikuwa na la kumwambia. Akazichukua pesa akazifunga katika pindo la leso, udi hakuurudisha, wala hakuniombea dua tena. Nilipogeuka kuondoka akanishika mkono akaniambia kuwa katika nyumba ile nisimwambie mtu.

Niliporudi, Ami aliniuliza: "Umempa?" Nikasema: "Nimempa." "Amefurahi?" Nikasema: "Hakufurahi." Akakaa kitambo, kisha akaniambia kuwa hakunituma kumfurahisha, na kuwa mizani haijapanguswa tangu asubuhi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye mas'ala. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, Aya ya 29, ametukataza kuliana mali zetu kwa batili, akavua biashara iliyo kwa kuridhiana. Mama yule aliridhia. Mteja wa yule kijana ameridhia, ameondoka anacheka. Basi neno "kuridhiana" limetimia au halikutimia? Wengi katika watu wa sokoni husema limetimia, na hoja yao si dhaifu kama tunavyodhani sisi tukaao misikitini. Husema: pua ni yake, macho ni yake, pesa ni zake, mimi sikumlazimisha.

Lakini hebu tumtazame mama yule aliridhia nini. Aliridhia kutoa shilingi 30 kwa udi wa shilingi 30. Udi wa 15 kwa bei ya 30 hakuuridhia kamwe, kwani hakuletewa jambo hilo mbele yake akalitazama. Ridhaa hukaa juu ya kile mtu alichokijua, wala haiwezi kuvuka ikakaa juu ya kile alichofichwa. Mtu aliyetia saini karatasi iliyokunjwa hakuridhia yaliyo ndani ya mkunjo.

Na wale wasemao kuwa kunyamaza si uwongo, wakumbuke hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.) katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake, vidole vikapata umajimaji. Akamwuliza mwenyewe, naye akasema kuwa kimenyeshewa na mvua. Tazama vizuri: mtu yule hakutamka uwongo wowote. Mvua hakuinyesha yeye. Pengine aliona ni msiba wake, naye anajaribu kujiokoa kidogo. Alichofanya ni kuacha kikavu kikae juu na kibichi kikae chini. Na hilo Mtume (S.A.W.) akaliita ghushi, akamwuliza kwa nini asikiweke juu watu wakakiona, na akajitenga na mwenye kughushi. Kadhalika katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), baraka ya wauziana imefungwa kwa mambo mawili, kusema kweli na kubainisha. Lau kutosema uwongo kungetosha, hilo la pili lingetajwa kwa nini?

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nimekwisha ingia katika vitabu vya fiqhi, nilikutana na mas'ala yaliyonifurahisha kwa sababu isiyo nzuri. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i wamesema kuwa mtu akinunua kigae cha kioo kwa kukidhania ni johari, na muuzaji hakumwambia kuwa ni johari, basi uuzaji umesihi, wala mnunuzi hana hiari ya kurudisha kwa sababu tu ya kupunjika katika bei. Nikasema moyoni: basi mimi sikukosa! Nikaenda moja kwa moja kwa Ami, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima sana, macho yameanza kumtoka, nikamweleza kwa ushujaa wote wa mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Kama wewe ungekuwa kadhi, ningekuelewa. Lakini wewe ulikuwa ndiye muuzaji."

Nikarudi vitabuni kwa haya, nikaona kuwa hata wanazuoni wale wale hawakusema kuwa muuzaji amesalimika. Kadhi hutazama mkataba umesimama au umeanguka, naye hana budi kufanya hivyo, kwani lau kila aliyejutia bei angevunja biashara, soko lisingesimama siku moja. Ama dhambi ni hesabu nyingine. Na hao hao wamemwajibisha muuzaji ajuaye aibu ya bidhaa yake aitaje, hata wakamwajibisha mtu wa kando asiyeuza wala kununua, akiwa anaijua aibu ile, amwambie mnunuzi. Mimi nilitafuta katika sheria mlango wa kutokea, nikausahau ule wa kuingilia.

Na baadaye zaidi nikasoma katika Ihyaa ya Imamu Ghazali kisa cha Yunus bin Ubayd wa Basra, mwanafunzi wa Hasan Al-Basri, nikakifunga kitabu nikatoka nje. Alikuwa akiuza nguo, nyingine za dirhamu 400 na nyingine za 200. Akaenda kusali, akamwacha mtoto wa nduguye dukani. Akaja bedui akitaka nguo ya 400, kijana akamwonyesha ya 200, bedui akaipenda, akalipa 400 akaenda zake. Yunus akakutana naye njiani, akaijua nguo, akamwambia kuwa haizidi 200 na wafuatane akairudishe. Bedui akasema kuwa kwao yafika 500 naye ameridhika. Yunus hakukubali mpaka akamrudisha dukani akampa mia mbili zake. Kisha akamkabili yule kijana, naye kijana akajitetea kwa kuapa kuwa mtu yule aliichukua akiwa radhi nayo. Yunus akamwuliza kwa nini asimridhie yule anachojiridhia nafsi yake.

Hata maneno ya kujitetea ni yale yale niliyoyasema mimi. Nilidhani nimeyatunga mwenyewe.

Linabaki jambo moja ambalo sikulimaliza kwa miaka mingi. Mama yule aliniomba ninyamaze. Wakwe zake wamedhani udi ni wa thalathini, nami nikaondoka nimewaacha na dhana yao. Jee, huku kunyamaza kwa pili si ndugu ya kule kwa kwanza? Nilikuwa nikijiuliza hivi hata usiku. Ninavyoona mimi, na aonaye vingine ana haki yake, ni kuwa wale wakwe hawakutoa senti moja kwa ajili ya udi ule. Hapakuwa na haki yao mikononi mwangu. Iliyokuwepo ni heshima ya mama maskini mbele ya watu waliomzidi, nayo haikuwa yangu niitoe barazani. Kunyamaza kwangu kwa kwanza kulichukua kitu cha mtu kukanipa mimi. Huku kwa pili hakukunipa kitu. Yeye mwenyewe alisema neno lisilokuwa kweli pasi na kujua, kwa sababu yangu mimi, na kama baadaye alilisahihisha au hakulisahihisha, hilo ni baina yake na Mola wake. Ndiyo maana hata leo sitaji mtaa wala ukoo, na ule mji ni mkubwa.

Nami sikumficha yule kijana jambo lililo zito katika mas'ala yake. Mimi nilikuwa na Ami. Kosa lilikuwa langu, na mwenye duka ndiye aliyenipa nauli nikalirekebishe. Yeye mwenye duka lake ndiye aliyemwagiza asiseme. Akimpigia simu mnunuzi akamwambia kweli, pesa hana za kumrudishia, na kazi itamtoka, na mamake anangoja. Ni rahisi mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekwisha kula chai yake, kumwambia kijana asubiri na Mungu atamfungulia. Nilimwambia hivi: lililo mkononi mwako leo ni ulimi wako. Mtu akishika simu mbele yako huku unaona amekosea, mwambie, hata kama ni kwa maneno mawili, na agizo la bosi si udhuru kwa hilo. Tafuta duka jingine nami nitakutafutia pamoja nawe. Ama yule aliyekwisha ondoka anacheka, namba yake iko katika risiti, na haki yake iko shingoni mwako pamoja na mwenye duka. Mwambie ukweli, arudi adai, na mzigo wa pesa si wako peke yako.

Akaniuliza: "Na asipofurahi, Mwalimu?"

Nikamweleza habari ya barazani kule Mtongwe, ambayo mpaka siku ile sikuwa nimemweleza mtu. Akasikiliza akitazama mkeka. Jumatano iliyopita alikuja darasani akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, simu yake ameilaza mbele yake juu ya kitabu. Sijamwuliza.